Mafuta, oili na kiburi cha msomi

Wapo wasomaji wa ukurasa huu watakaoshangaa kuona mtu aliyezoea kuwachosha kwa habari za ngeli na mnyambuliko akizungumzia leo breki na giaboksi. Nawaomba wastahimili. Nina deni la kulipa, na deni lenyewe ni la neno moja tu, neno ambalo karibu litutoe roho watu wawili katika mteremko wa milima ya Iveti, nje kidogo ya mji wa Machakos.

Marehemu baba alikuwa afisa wa kilimo nyanjani. Mwaka 1991 alinunua kwenye mnada wa serikali Land Rover kuukuu aina ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, iliyotengenezwa mwaka 1979. Wanakijiji waliiita Landirova, na wale ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi sana sauti hizo mbili waliiita Randarova, na hakuna aliyekosa kuelewa. Gari hilo lilipeleka wajawazito hospitalini, likabeba mahindi, likabeba majeneza, na mwishowe, mwaka 2013, likabeba la baba mwenyewe. Baada ya hapo liliegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba na likakaa hapo miaka tisa. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Mnamo Desemba 2022 niliamua kulifufua papo hapo nyumbani, bila ya kulikokota hadi gereji. Nilikuwa na likizo, na nilikuwa na kitabu cha matengenezo cha Kiingereza chenye kurasa zilizolowa grisi za mikono ya baba. Fauka ya hayo nilikuwa na imani, ambayo nadhani huwapata wengi wetu tuliosoma sana, kwamba mtu aliyeweza kuandika tasnifu ya uzamifu hashindwi na nati.

Kwa bahati nilikuwa na akili ya kumtafuta fundi. Huyu ni mzee wa makamo ya miaka sitini na ushei ambaye alianza kazi akiwa kijana katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mahali ambapo hadi leo mafundi hupaita Grogan kwa jina la zamani la barabara hiyo. Aliniita Daktari, nami nikamwita Mzee. (Jina hilo la Daktari lilitusumbua kidogo, maana jirani mmoja alikuja siku ya pili na mtoto mwenye kikohozi.) Alikuja na mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na tisa, mpole, aliyekuwa na majuma matatu tu katika kazi.

Msomaji ambaye hajawahi kulikaribia gari la aina hii huenda akauliza kwa nini mtu ahangaike nalo. Ukweli ni kwamba ni gari lililotengenezwa likitarajia kutengenezwa. Land Rover ya kwanza ilioneshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ilhali aluminiamu ya kuundia ndege ilikuwa imebaki tele. Ndiyo maana bodi yake ni ya aluminiamu, imefungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Digadi likibondeka unalifungua peke yake. Mlango ukioza unauvua. Series III zilianza kutoka mwaka 1971 na ziliendelea hadi 1985. Hata hapa kwetu, kiwanda cha Thika kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya kiliunganisha Land Rover kabla ya kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

Lakini ndoa ya aluminiamu na chuma haikosi magomvi. Maji yakiingia kati ya metali hizo mbili, aluminiamu huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe, nacho chuma hupata kutu upande wake. Tulipofungua milango tuliukuta unga huo umejaa kwenye kingo. Chesisi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mbao zake za chuma ni mfano wa bomba la pembe nne lililo wazi ndani, na kutu huanzia huko ndani usikokuona. Mzee aliigonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Palipolia kama kengele alipita. Palipotoa sauti ya kibuyu alipaka chokaa. Kisha kijana alikata alama zote hizo, na Mzee akachomelea vipande vipya vya bamba.

Spana nazo zilinifundisha unyenyekevu. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, na spana zangu zote zilikuwa za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana namba kumi na tatu huingia vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Nafasi ile ndogo inayobaki, ukitia nguvu, hula pembe za nati mpaka inakuwa mviringo kama kifungo. Niliziharibu tatu kabla ya Mzee kuninyang'anya spana bila ya kusema neno.

Kuhusu kulibadilisha gari, tulibishana. Wengi wenye magari kama haya siku hizi hung'oa injini ya asili ya petroli, ile ya lita mbili na robo, wakatia ya dizeli ya Toyota au Isuzu. Mzee aliunga mkono wazo hilo, nami nikakataa kwa sababu ambazo, nikiwa mkweli, zilikuwa za moyo na si za kiufundi. Nilimkubalia mengine. Tuliondoa zile pointi za zamani kwenye distribyuta tukatia mtambo wa kielektroniki. Tuling'oa mabenchi ya nyuma yaliyotazamana, ambayo ukifunga breki ghafla abiria wote huangukiana, na mahali pake tukafunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda, kwa sababu nina watoto wawili.

Wakati wote huo nilikuwa nikisikiliza. Maradhi ya kazi yangu hayaniachi hata nikiwa chini ya gari. Niliwasikia mafundi hawa wakiitibu mashine kama mwili wa kiumbe. Injini ilikuwa ikikohoa. Betri ililala, na ilipozidi kulala ikafa. Gia ilikuwa ikiruka. Injini iliyoharibika kabisa imenoki, na dereva mzembe huinokisha, kitenzi cha Kiingereza kilichovalishwa kiambishi cha kusababisha kana kwamba kilizaliwa Lamu. Nilifurahi pia kulisikia lile digadi, neno ambalo walimu wa isimu hulipenda kwa sababu Waswahili walilipokea neno la Kiingereza la kikinga matope, wakalisikia likianza na silabi ma-, wakaamua kwamba huo ni wingi, madigadi, na kutoka hapo wakajitengenezea umoja wake. Vivyo hivyo tulivyopata kipilefti na vipilefti vyake barabarani. Lugha haikuomba ruhusa ya mtu. Na kabla ya Kiingereza ilikuwa bahari: usukani ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari, na nauli ililipwa kwa nahodha karne nyingi kabla ya kulipwa kwa kondakta wa matatu.

Hayo yote nayafahamu. Nimeyafundisha. Hata hivyo, sikiliza nilichokifanya.

Ilikuwa siku ya nne. Mzee alikuwa ametia raba mpya kwenye masta ya breki na kwenye silinda ndogo za magurudumu, akajaza fluidi, na tukaanza kutoa upepo. Kazi hiyo huhitaji watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini ya gurudumu anafungua kijinati kidogo hewa itoke pamoja na fluidi, kisha anakifunga kabla pedali haijaachiliwa. Kila baada ya muda ni lazima kikopo cha juu kiongezwe, la sivyo hewa huingia upya na mnaanza tena. Magurudumu mawili yalipokwisha, Mzee alikwenda mjini kutafuta krosi ya propela shafti. Alituachia yale mawili yaliyobaki. Mimi nikawa wa kukanyaga, kitabu kikiwa mapajani, na kijana akawa chini.

Baada ya muda kijana aliinuka akatazama kikopo, akaniuliza: “Mwalimu, hapa pameshuka. Niongeze oili ama fluidi?”

Msomaji, kijana huyu alikuwa ameuliza swali lililo kamili. Alikuwa na maneno mawili kwa vitu viwili, na alitaka kujua ni kipi. Nami, bila hata ya kuinua macho kutoka kitabuni, nilimjibu hivi: “Sema mafuta. Kwa Kiswahili tunasema mafuta. Ongeza mafuta.”

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwonesha chupa ya oili ya injini na kumsifu kwa kuibeba vizuri, nikiiita mafuta ya injini. Kwa hiyo alifanya alivyofunzwa. Alichukua mafuta, akaongeza mafuta. Kisha tukaendelea kutoa upepo katika magurudumu mawili yaliyobaki, yaani tukayavuta yale mafuta kwa miguu yetu wenyewe mpaka ndani ya mabomba. Mzee aliporudi, kifuniko kilikuwa kimekwishafungwa.

Fluidi ya breki si mafuta kwa maana yoyote ambayo mkemia angeikubali. Aina ya kawaida, ile inayoandikwa DOT 3 au DOT 4, ina asili ya glaikoli. Hunyonya maji, na raba za breki hutengenezwa kwa kuizingatia hiyo. Raba hizo zikiguswa na oili ya injini, ambayo hutokana na petroli ghafi, huvimba na kulainika kama mkate uliotiwa kwenye chai. Hazivimbi mara moja. Huchukua saa, pengine siku.

Tulilijaribu gari siku ya sita. Watoto wangu walikuwa wameshapanda na kufunga mikanda yao mipya. Mzee alichungulia nyuma akasema, “Daktari, watoto washuke kwanza. Gari la kujaribiwa halipandwi na mtoto.” Walilia. Nilitaka kuwatetea, na nilikuwa na hoja zangu. Akarudia, safari hii kwa Kikamba, nao wakashuka.

Tuliteremka tukielekea mjini, mimi nikiendesha na Mzee kando yangu. Baada ya kufunga breki mara kadhaa nilihisi gari limekuwa zito, mfano wa kitu kinachovuta trela. Kumbe raba ya masta iliyovimba ilikuwa imeziba kile kitundu kidogo ambacho hurudisha fluidi kwenye kikopo unapoondoa mguu. Breki zilikuwa zikishika na haziachii. Breki shuu zikawa zinajisugua kwenye dramu mwendo wote, dramu zikapata moto, moto ukaingia kwenye fluidi mpaka ikachemka. Fluidi ikichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kiowevu, hukubali kubanwa. Nilisikia harufu kwanza. Kwenye kona iliyofuata nilikanyaga pedali ikazama mpaka sakafuni kama mguu unaokanyaga tope.

Mbele yetu kulikuwa na mama mwenye punda wawili waliobeba mitungi ya maji.

“Rudisha gia!” Mzee alisema, bila kupiga kelele. “Ya pili. Sasa hendibreki. Polepole. Usiivute yote.” Na hapa ndipo ukuukuu wa gari hili ulipotusaidia, kwa sababu hendibreki ya Series haiyashiki magurudumu. Ina dramu yake peke yake nyuma ya giaboksi, hushika propela shafti, na huvutwa kwa vyuma, haina uhusiano wowote na fluidi. Si breki ya kutumia gari likiwa katika mwendo, ukiivuta kwa pupa unaweza kuvunja hafu shafti, lakini siku hiyo ilikuwa ndiyo pekee tuliyonayo. Gari lilinguruma, likayumba, nikalielekeza kwenye tuta la shamba la mahindi, likasimama likiwa limeinamia upande. Punda hawakugeuza hata masikio.

Mzee alifungua boneti. Alitia kidole kwenye kikopo, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. “Hii si fluidi,” alisema. “Hii ni oili.”

Tulipofika nyumbani, gari likikokotwa na trekta la jirani, alimwita yule kijana na kumkaripia mbele ya wote. Alimwambia kwamba kosa kama hilo halifanywi na fundi, kwamba angekuwa ameua, na kwamba arudi kwao. Kijana aliinamisha kichwa. Alinitazama mara moja tu, kisha akasema, “Nilikosea, Mzee.” Hakuongeza neno.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema kweli papo hapo. Sikusema. Nilikaa kimya kwa muda ambao sikuupima, lakini ulitosha kijana kuanza kukusanya spana na kuzirudisha kwenye boksi. Ndipo nilipofungua kinywa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia kijana akamuuliza, “Wewe ulimuuliza oili ama fluidi?” Akajibu kwamba ndiyo. Mzee akatikisa kichwa akaenda kunawa mikono.

Tulifungua mfumo mzima upya. Raba zote zilitupwa, na mipira ya breki ikatupwa pia, maana oili hunywewa na mpira na haitoki. Mabomba tuliyaosha kwa spiriti mara tatu. Raba zilizotoka kwenye masta zilikuwa nene na laini kiasi kwamba hazikurudi tena kwenye silinda zilikotoka. Nimeiweka moja mezani kwangu chuoni.

Usiku huo nilikumbuka jambo jingine. Yapata mwaka 2016 nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyeandika juu ya msamiati wa mafundi wa magari. Alikuwa amekaa miezi kadhaa katika gereji za Nairobi akikusanya maneno. Niliporudi Nairobi niliitafuta nakala ya rasimu yake kabatini na nikaiona kalamu yangu nyekundu. Kila alipoandika oili, nilikata nikaandika mafuta. Alipoandika fluidi, niliandika kiowevu. Kwenye ukingo wa ukurasa mmoja nilimwandikia kwamba “si kazi yetu kuhalalisha uvivu wa gereji.” Naye, kwa adabu, alikuwa ameeleza kwenye tanbihi kwamba mafundi hutenganisha petroli, dizeli, oili, nainti (yaani ile nzito ya giaboksi na difu, namba tisini), grisi na fluidi, na kwamba neno mafuta wao hulitumia zaidi kwa kile kinachotiwa kwenye tangi. Nilimwamuru aiondoe tanbihi hiyo, naye akaiondoa.

Katika Kiswahili chetu cha kila siku mafuta hupikiwa, hupakwa mwilini, huwashwa katika taa, hutiwa kwenye tangi. Ni neno tajiri, na sina nia ya kulifukuza. Lakini utajiri wa jikoni si lazima uwe utajiri wa gereji. Neno la kazi linapaswa kufanya kazi, na kazi ya kwanza ya istilahi ni kutenga kitu hiki na kile. Mafundi walizitenga zamani, tena bila kamati. Waliazima, ndiyo, kama walivyoazima mabaharia waliotuletea usukani.

Hapa najua nitajibiwa na wenzangu. Watasema kwamba nikifungua mlango huu Kiswahili kitajaa vifusi vya Kiingereza, na kwamba istilahi nzuri huundwa kutokana na mizizi ya lugha yenyewe. Nami sipingi uundaji. Vitabu vya shule hapa Kenya vimetufunza kusema tarakilishi, na wengine walipendekeza ngamizi, na bado aendaye dukani hununua kompyuta. Kuunda neno ni halali. Ninachokipinga ni sisi kuunda bila ya kwenda kuuliza, halafu kumsahihisha mtu ambaye maisha ya wengine yamo mikononi mwake. Kuuliza si ujinga, tunawaambia wanafunzi kila siku.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao unaniudhi zaidi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya saba, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitangaze mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa kanga na kanzu na kuhutubiana. Nenda sasa kwenye duka la vipuri lolote uchukue chupa ya fluidi ya breki, usome maonyo yaliyoandikwa nyuma. Nimefanya hivyo katika maduka manne ya Machakos na sikukuta sentensi moja ya Kiswahili. Mwanagenzi yule aliacha shule darasa la nane. Anaweza kusoma Kiswahili vizuri, Kiingereza anakisoma kwa kukisia. Angeweza kusoma onyo la mistari miwili lililomwambia kwamba kitu hiki kisichanganywe na oili, na hapo angekuwa na kauli ya kunijibu nayo. Isitoshe, mafundi wengi wa aina yake hujifunza kila kitu kwa Kiswahili, wakikanyaga na kukaza na kuchomelea kwa Kiswahili, kisha siku ya kutafuta cheti wanakabiliwa na karatasi ya Kiingereza. Anayeshindwa hapo huhesabiwa kuwa hajui kazi.

Sisi wa idara za Kiswahili hatujatoa kitabu kimoja cha matengenezo ya gari ambacho kijana huyu angeweza kukifungua chini ya mwembe. Nimemwandikia yule mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu katika shule ya upili, nikamwomba radhi kuhusu ile tanbihi, na nikamuuliza kama bado anayo orodha yake ya maneno. Anayo, na tumeanza. Mzee ndiye mhariri. Tayari amekwishakataa maneno yangu kumi na moja.

Gari sasa linatembea. Linavuja oili kidogo chini ya giaboksi, na Mzee anasema nisiwe na wasiwasi mpaka siku litakapoacha kuvuja, maana siku hiyo nitajua oili imekwisha. Watoto hupanda. Kijana yule bado yuko naye, na kabla ya kuondoka kwetu aliomba rangi na burashi, akaandika kwenye makopo yote yaliyo katika banda langu kwa herufi kubwa zilizopinda. Kopo moja limeandikwa OILI, jingine NAINTI, jingine GRISI. Kwenye lile dogo la fluidi, ambalo huenda hakuniamini tena kulitaja jina lake, aliandika YA BREKI TU.